Robert Bunsen

Robert Wilhelm Eberhard Bunsen (Göttingen, 30 Machi 1811 – Heidelberg, 16 Agosti 1899) alikuwa mwanakemia kutoka Ujerumani. Anajulikana duniani kote kwa kichomeo cha gesi chenye jina lake, ambacho hutumiwa katika maabara za shule na vyuo. Hata hivyo mchango wake mkubwa zaidi katika sayansi ni uchanganuzi wa spektra, yaani mbinu ya kutambua elementi kwa kuchunguza nuru inayotolewa na atomi zake katika moto. Aliianzisha pamoja na mwanafizikia Gustav Kirchhoff katika miaka ya 1859 na 1860.

Kwa mbinu hiyo wawili hao waligundua elementi mbili mpya, sesiamu na rubidiamu. Walionyesha pia kwamba elementi zilizodhaniwa kuwa adimu zimo kwa kiasi kidogo sana katika maji, mawe, majivu ya mazao ya shambani na hata maziwa. Vipimo vya leo vya zinki, chuma, seleniamu au kadmiamu ndani ya ngano, mchele na mahindi vina asili yake katika kazi hiyo. Bunsen aliweza kusema kwamba elementi fulani imo. Kusema imo kwa kiasi gani kulikuwa kazi ya vizazi vilivyomfuata.

Maisha ya awali na elimu

Bunsen alizaliwa mjini Göttingen, akiwa mdogo kati ya watoto wanne wa kiume. Wakati huo mji huo ulikuwa sehemu ya Ufalme wa Westphalia, dola iliyoundwa na Napoleon. Baba yake, Christian Bunsen, alikuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Göttingen na profesa wa lugha. Baada ya kusoma shule huko Holzminden, Robert alijiunga mwaka 1828 na chuo kikuu cha mji wake wa kuzaliwa.

Mwalimu wake wa kemia alikuwa Friedrich Stromeyer, mgunduzi wa elementi ya kadmiamu. Stromeyer alisifika kwa usahihi wa vipimo vyake na aliwafundisha wanafunzi wake kufanya uchanganuzi kwa mikono yao wenyewe, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika vyuo vya wakati ule. Bunsen alipata shahada ya udaktari akiwa bado na umri wa miaka 20 hivi. Kisha alisafiri katika nchi za Ujerumani, Ufaransa na Austria, akitembelea viwanda, migodi na maabara, na kukutana na wanakemia mashuhuri kama Justus von Liebig na Joseph Louis Gay-Lussac.

Kazi za kwanza

Aliporudi Göttingen alianza kufundisha. Mwaka 1834, pamoja na mganga Arnold Berthold, alionyesha kwamba oksidi ya chuma yenye maji hufunga aseniki na hivyo inaweza kutumiwa kama dawa dhidi ya sumu hiyo.

Mwaka 1836 alikwenda kufundisha katika chuo cha ufundi cha Kassel, akichukua nafasi ya Friedrich Wöhler. Huko alianza kuchunguza michanganyiko ya kakodili, ambayo ina aseniki, inanuka vibaya sana na huwaka yenyewe ikiguswa na hewa. Utafiti huo ulimletea sifa, lakini ulimgharimu. Chombo kililipuka na kipande cha kioo kikamwingia jicho la kulia, akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho hilo. Alipata pia sumu ya aseniki na kukaribia kufa. Kazi iliyomletea umaarufu, yaani kutazama mistari myembamba ya nuru ndani ya darubini, aliifanya kwa jicho moja lililobaki.

Mwaka 1839 alihamia Chuo Kikuu cha Marburg. Mwaka 1841 alitengeneza betri iliyotumia zinki na kaboni. Betri za nguvu za wakati huo zilihitaji platini, ambayo ni ghali, na kuweka kaboni mahali pake kulipunguza gharama sana. Baadaye alitumia umeme wa betri hizo kutenga metali safi kama magnesiamu.

Alichunguza pia gesi zinazotoka katika tanuri za kuyeyushia chuma. Mwaka 1845 alifanya kazi hiyo nchini Uingereza pamoja na Lyon Playfair, na wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya joto la makaa ilikuwa ikipotea hewani pamoja na gesi hizo. Mwaka 1846 alikwenda Iceland, muda mfupi baada ya mlipuko wa volkeno ya Hekla. Alipima halijoto ndani ya chemchemi zinazorusha maji ya moto na kueleza kwamba shinikizo la maji yaliyo juu huyazuia yale ya chini kuchemka mpaka yanapopanda kidogo, ndipo yanapochemka ghafla na kuruka.

Heidelberg na kichomeo

Mwaka 1851 Bunsen aliitwa Breslau (leo Wrocław nchini Poland). Alikaa huko muda mfupi tu, lakini ndiko alikofahamiana na Gustav Kirchhoff, mwanafizikia kijana aliyekuwa mdogo wake kwa miaka 13. Mwaka 1852 alikubali kuwa profesa wa kemia huko Heidelberg, akimrithi Leopold Gmelin, na mwaka 1854 Kirchhoff naye akapata uprofesa wa fizikia katika chuo hichohicho. Bunsen alibaki Heidelberg hadi mwisho wa maisha yake.

Serikali ya Baden ilimjengea maabara mpya iliyokamilika mwaka 1855. Kwa kuwa mji ulikuwa umeanza kupata gesi ya makaa kwa ajili ya taa, Bunsen alitaka gesi hiyo itumike pia kupasha joto vyombo vya maabara. Vichomeo vya wakati huo vilitoa mwali wa njano wenye masizi. Alimweleza fundi wa chuo, Peter Desaga, wazo la kuchanganya gesi na hewa ndani ya bomba kabla ya kuwashwa. Desaga alitengeneza kifaa chenye matundu chini ya bomba, ambayo hewa hupitia. Vifaa vya kufanana vilikuwa vimewahi kujaribiwa na watu wengine, lakini hiki kilikuwa rahisi na cha kutegemewa. Bunsen hakukisajili kwa hataza, kwa kuwa hakupenda kujipatia mali kutokana na sayansi, na kifaa kikaenea haraka katika nchi nyingi.

Mwali wa kichomeo hicho ni wa moto sana na karibu hauna rangi. Jambo hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko ilivyotarajiwa: chochote kinachotiwa ndani ya mwali usio na rangi huonyesha rangi yake chenyewe.

Tatizo la rangi za moto

Wanakemia walijua tangu zamani kwamba chumvi hubadilisha rangi ya moto. Sodiamu (huitwa pia natiri) hutoa rangi ya njano, potasiamu zambarau hafifu, lithiamu na strontiamu nyekundu, bariamu kijani. Ilikuwa njia ya haraka ya kutambua dutu, lakini ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, elementi mbili zinaweza kutoa rangi zinazofanana machoni, kama lithiamu na strontiamu. Pili, sodiamu ikiwemo hata kidogo, njano yake hufunika rangi nyingine zote.

Bunsen alijaribu kuondoa kasoro hizo kwa kutazama mwali kupitia kioo cha buluu chenye kobalti au kupitia mchanganyiko wa nili uliozuia njano. Njia hiyo ilisaidia kwa kiasi fulani. Kirchhoff ndiye aliyependekeza njia bora zaidi: badala ya kutazama rangi ya jumla, nuru ipitishwe katika prisma, yaani kioo chenye pembe tatu ambacho hutawanya nuru kuwa upinde wa rangi unaoitwa spektra.

Wazo la kutazama nuru ya miali kwa prisma halikuwa jipya. Joseph von Fraunhofer alikuwa amechora mamia ya mistari myeusi katika spektra ya Jua tangu miaka ya 1810, na watafiti kadhaa walikuwa wameona mistari inayong'aa katika miali yenye chumvi. Lakini mstari wa njano ulionekana karibu katika kila mwali, hata ule ambao haukutiwa sodiamu kwa makusudi. Kwa sababu hiyo hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kama mstari fulani ni wa elementi fulani peke yake. William Swan wa Uskoti alionyesha katika miaka ya 1850 kwamba mstari huo hutokana na chembe ndogo mno za sodiamu zilizotapakaa kila mahali.

Uchanganuzi wa spektra

Chombo cha kwanza cha Bunsen na Kirchhoff kilikuwa rahisi. Kilikuwa sanduku lililopakwa weusi ndani, darubini mbili, na prisma ya kioo yenye uwazi uliojazwa kimiminiko cha disulfidi ya kaboni. Mbele yake kiliwekwa kichomeo, na sampuli ilishikwa ndani ya mwali kwa waya mwembamba wa platini.

Kazi kubwa haikuwa kuona mistari bali kuthibitisha asili yake. Bunsen alisafisha chumvi za elementi mbalimbali kwa kuzifanya fuwele tena na tena. Kisha walizijaribu katika miali ya aina nyingi: ya salfa, ya pombe, ya gesi ya makaa, ya hidrojeni na ya hidrojeni iliyochanganywa na oksijeni, ambazo joto lake linatofautiana sana. Walibadilisha pia michanganyiko ya kila elementi. Katika kila jaribio mahali pa mistari hapakubadilika. Hivyo kila elementi ilikuwa na alama zake, na alama hizo hazikufutwa na kuwepo kwa elementi nyingine.

Jaribio mashuhuri lilipima wepesi wa mbinu hiyo katika kugundua kiasi kidogo. Katika pembe ya chumba chenye ujazo wa mita za ujazo 60 hivi, mbali na chombo, walilipua miligramu 3 za klorati ya sodiamu iliyochanganywa na sukari ya maziwa. Baada ya dakika chache mstari wa njano ulitokea kwa nguvu katika mwali. Kwa kukadiria ujazo wa hewa iliyopita motoni, walihesabu kwamba jicho linaweza kutambua chini ya sehemu 1 kwa 3,000,000 ya miligramu ya chumvi ya sodiamu. Hakuna mizani iliyoweza kukaribia kiasi hicho. Jaribio hilo lilieleza pia kwa nini mstari wa njano ulikuwa umewasumbua watangulizi wao: vumbi lenye chumvi ya bahari limo hewani wakati wote.

Lithiamu ilileta mshangao mwingine. Hadi wakati huo ilijulikana katika madini manne tu. Bunsen na Kirchhoff waliona mstari wake mwekundu katika maji ya Bahari ya Atlantiki, katika majivu ya mwani, katika mawe ya matale na katika vimondo. Waliuona pia katika majivu ya tumbaku, ya majani ya mizabibu na ya zabibu, na katika majivu ya mazao ya mashambani ya bonde la Rhine, karibu na Waghäusel, Deidesheim na Heidelberg. Hata maziwa ya mifugo iliyolishwa mazao hayo yalikuwa nayo. Hivyo elementi iliweza kufuatwa kutoka udongoni hadi kwenye mmea na kutoka kwenye mmea hadi kwa mnyama, ingawa kiasi chake kilikuwa kidogo mno kupimwa kwa mizani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1860.

Kirchhoff alitumia mbinu hiyohiyo kueleza mistari ya Fraunhofer. Alipopitisha nuru ya Jua katika mwali wenye sodiamu, mistari miwili myeusi ya eneo la njano ilizidi kuwa myeusi. Alihitimisha kwamba atomi hunyonya nuru ya aina ileile ambayo zinaweza kuitoa, na kwamba sodiamu imo katika angahewa ya Jua.

Sesiamu na rubidiamu

Mbinu mpya iliwekwa kwenye mtihani mgumu zaidi na maji ya chemchemi ya madini ya Dürkheim. Baada ya kuondoa elementi zilizojulikana, Bunsen aliona mistari miwili ya buluu ambayo haikuwa ya elementi yoyote aliyoifahamu. Aliamini kwamba ni elementi mpya na taarifa yake ilitolewa mbele ya Chuo cha Sayansi cha Berlin Mei 1860. Aliiita sesiamu, kutokana na neno la Kilatini linalohusu rangi ya buluu ya anga.

Mstari wa nuru pekee haukuwatosha wanakemia. Walitaka dutu yenyewe mikononi, pamoja na uzito na chumvi zake. Ili kuipata, takriban tani 44 za maji ya Dürkheim zilichemshwa hadi kubaki kilo 240 hivi za maji mazito ya chumvi, na katika hizo Bunsen alipata gramu 7 hivi tu za kloridi ya sesiamu. Wakati wa kazi hiyo ilijitokeza elementi ya pili yenye mistari ya rangi nyekundu iliyokoza. Aliitenga kutoka madini ya lepidoliti ya Saksonia, akatumia kilo 150 za madini hayo, na mwaka 1861 akaiita rubidiamu, kutokana na neno la Kilatini la wekundu.

Tukio moja la nyuma lilionyesha thamani ya ugunduzi huo. Mwaka 1846 Karl Friedrich Plattner wa Freiberg alikuwa amechanganua madini adimu kutoka kisiwa cha Elba. Alipojumlisha sehemu zote alipata karibu asilimia 93 tu, na hakuweza kupata kosa lake ingawa alikuwa mchanganuzi hodari. Alikuwa ametumia sampuli yake yote, kwa hiyo hakuweza kurudia. Mwaka 1864 Felice Pisani alionyesha kwamba madini hayo yana sesiamu nyingi. Plattner aliidhania kuwa ni sodiamu na potasiamu, ambazo ni nyepesi zaidi, hivyo hesabu yake ikapungua. Elementi mpya ilikuwa mikononi mwake, lakini mizani haikuwa na uwezo wa kumwambia jina lake.

Watafiti wengine walitumia spektra kugundua thaliamu (1861), indiamu (1863) na galiamu (1875). Heliamu ilitambuliwa katika nuru ya Jua mwaka 1868, kabla ya kupatikana duniani.

Mwalimu na miaka ya mwisho

Bunsen alifundisha Heidelberg kwa miaka 37. Wanafunzi walimjia kutoka nchi nyingi. Miongoni mwa waliopitia maabara yake ni Henry Roscoe, ambaye alifanya naye utafiti mrefu juu ya athari za kikemia za nuru, Lothar Meyer, Adolf von Baeyer, Carl Auer von Welsbach na Heike Kamerlingh Onnes. Dmitri Mendeleev pia alikaa Heidelberg katika miaka ya 1859 na 1860. Ingawa Meyer na Mendeleev ndio waliokuja kupanga jedwali la elementi, Bunsen mwenyewe hakuvutiwa sana na nadharia. Alithamini zaidi vipimo vilivyofanywa kwa uangalifu, na alibuni vifaa vingi vya kuvifanikisha, zikiwemo pampu ya kuchujia na kalorimita ya barafu.

Hakuoa. Waliomfahamu walimtaja kuwa mtu mpole, mcheshi na asiyejikweza. Vidole vyake vilikuwa sugu kwa kushika vyombo vya moto kila siku.

Katika miaka ya 1870 alifanya kazi kwa miaka kadhaa juu ya spektra za elementi za ardhi adimu. Makala ilipokuwa tayari kutumwa, ilishika moto mezani wakati hayupo na ikateketea pamoja na michoro yake. Aliianza upya na kuichapisha mwaka 1875. Mwaka huohuo Kirchhoff alihamia Berlin.

Bunsen alistaafu mwaka 1889 akiwa na miaka 78, na nafasi yake ikachukuliwa na Victor Meyer. Baada ya hapo alijishughulisha zaidi na jiolojia, ambayo aliipenda tangu ujana. Alifariki Heidelberg tarehe 16 Agosti 1899 akiwa na umri wa miaka 88, na akazikwa katika makaburi ya Bergfriedhof ya mji huo.

Kutoka kutambua hadi kupima: madini katika nafaka

Spektroskopu ya Bunsen ilikuwa na mipaka. Mng'ao wa mstari hutegemea joto la mwali, wingi wa sampuli na jicho la mtazamaji, kwa hiyo haukuweza kutafsiriwa kwa urahisi kuwa miligramu. Tena, mwali wa kichomeo ulifaa hasa kwa elementi zinazong'aa kwa urahisi kama sodiamu, potasiamu na lithiamu. Zinki haikuonekana hivyo: mstari wake wenye nguvu uko katika urujuanimno, ambao jicho haliuoni na kioo cha kawaida hakiupitishi. Lakini zinki ni miongoni mwa elementi ambazo mimea na watu wanazihitaji kwa kiasi kidogo. Kwamba mimea ya kawaida haiwezi kukua bila zinki kulithibitishwa mwaka 1926 tu.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 mtaalamu wa mimea Henrik Lundegårdh wa Uswidi aliigeuza mbinu ya mwali kuwa kipimo halisi. Aligeuza mimea kuwa myeyusho na kuunyunyiza kwa kasi isiyobadilika ndani ya mwali wa asetilini, kisha akapima ukali wa mistari kwa kifaa badala ya jicho. Kutoka hapo zilipatikana fotomita za mwali, ambazo bado hutumiwa kupima potasiamu na sodiamu katika maabara za kilimo.

Mwaka 1955 Alan Walsh, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi Melbourne nchini Australia, alichapisha mbinu ya unyonyaji wa atomi. Yeye hakupima nuru inayotoka motoni bali nuru inayopotea humo. Taa yenye metali inayotafutwa, kwa mfano zinki, hutoa nuru ya zinki. Nuru hiyo hupita katika mwali ulionyunyiziwa sampuli. Atomi za zinki zilizomo huinyonya, na kadiri zilivyo nyingi ndivyo nuru inavyopungua. Msingi wake ni uleule Kirchhoff aliouona alipopitisha nuru ya Jua katika mwali wa sodiamu. Kwa mbinu hiyo zinki, chuma, shaba na manganizi katika mimea zikaweza kupimwa kwa haraka. Tangu miaka ya 1960 ilifuata plasma ya argoni, yenye joto la maelfu ya nyuzi, ambayo huwezesha elementi nyingi kupimwa kwa pamoja, na katika miaka ya 1980 spektrometa za masi, ambazo hutenganisha ioni kulingana na masi yake badala ya nuru.

Leo nafaka inayopimwa hukaushwa na kusagwa, kisha huchomwa hadi iwe majivu kwenye nyuzijoto 500 hivi, au huyeyushwa katika asidi ya nitriki yenye moto. Elementi zinazopotea kwa urahisi kama mvuke, mfano seleniamu, huhitaji njia ya asidi katika chombo kilichofungwa. Myeyusho hulinganishwa na miyeyusho mingine yenye kiasi kinachojulikana. Uchafu unaotoka nje ya sampuli ni tatizo lilelile alilokabiliana nalo Bunsen: kinu cha chuma huongeza chuma katika unga, vumbi la udongo lililoshika kwenye punje huongeza zaidi, na mpira au vyombo visivyooshwa kwa asidi vinaweza kuongeza zinki. Kwa hiyo kila kundi la sampuli hupimwa pamoja na myeyusho mtupu usio na nafaka, na pamoja na unga wa rejea, kama vile unga wa ngano na wa mchele unaotolewa na taasisi ya taifa ya viwango ya Marekani.

Umuhimu wa vipimo hivyo unaonekana katika viwango vidogo vinavyohusika. Kilo moja ya ngano kwa kawaida ina miligramu 20 hadi 40 hivi za zinki. Kiwango cha juu cha kadmiamu kinachoruhusiwa na kanuni za kimataifa za chakula, Codex Alimentarius, ni miligramu 0.2 kwa kilo ya ngano na miligramu 0.4 kwa kilo ya mchele uliokobolewa. Nchini Malawi mahindi ya maeneo mengi yana seleniamu chini ya miligramu 0.1 kwa kilo, huku yale yaliyolimwa katika udongo wenye chokaa wa bonde la Shire yakiwa na zaidi. Tofauti hiyo haionekani katika punje, wala haionjwi katika ugali; hugunduliwa kwa spektrometa tu. Mlo unaoshibisha unaweza kuwa na upungufu, na upungufu huo hutegemea shamba ambalo nafaka ilitoka, kama lithiamu ya bonde la Rhine ilivyotegemea udongo wake.

Heshima na kumbukumbu

Shirika la Royal Society la London lilimchagua Bunsen kuwa mwanachama wa kigeni mwaka 1858 na kumpa Nishani ya Copley mwaka 1860. Mwaka 1877 yeye na Kirchhoff walikuwa wa kwanza kupokea Nishani ya Davy, kwa ajili ya uchanganuzi wa spektra.

Madini ya bunseniti, ambayo ni oksidi ya nikeli, yamepewa jina lake, na vilevile kasoko moja ya Mwezi. Chama cha Ujerumani cha kemia ya kifizikia kinaitwa Bunsen-Gesellschaft. Mjini Heidelberg kuna sanamu yake, na kibao kwenye nyumba iitwayo Haus zum Riesen kinakumbusha kwamba humo Kirchhoff alianza kusoma nuru ya Jua na ya nyota kwa mbinu ya spektra aliyoianzisha pamoja na Bunsen.